Fedha za Mgeni Mbele ya Askari wa Mpaka

Mgeni aingiapo nchi ya watu huulizwa maswali matatu: atoka wapi, anakwenda kwa nani, na atakula nini. Swali la tatu ndilo tunalokusudia kulitazama leo. Limekwisha kuzusha magomvi makubwa baina ya serikali, na anayeliuliza si waziri wala balozi, bali ni askari au ofisa aliyesimama nyuma ya meza mpakani. Wengi miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu wamepata kusimama nyuma ya meza hiyo, au iko siku watasimama.

Kwanza tuseme wazi kwamba kila nchi yenye kujitawala ina haki ya kuliuliza swali hilo. Hakuna serikali iwezayo kulazimishwa kumlisha na kumtibu mtu aliyekuja kutazama makanisa ya kale na kuoga baharini, kisha akaishiwa. Nchi za Ulaya zilizofuta mipaka baina yao, zijulikanazo kama nchi za Schengen, zimeandika katika sheria yao ya mipaka ya mwaka 2006 kwamba mgeni awe na njia ya kutosha ya kujikimu kwa siku zote atakazokaa na kwa safari ya kurudi kwao. Lakini kiasi chenyewe hakikuwekwa kimoja kwa wote. Kila nchi hutangaza chake.

Ureno, kwa mfano, mwaka 2007 iliweka euro 75 kwa kila mara mgeni anapoingia, pamoja na euro 40 kwa kila siku ya kukaa. Jirani yake Uhispania, mwaka huo huo, ilishika njia nyingine. Kwa amri ya mwezi Mei 2007 ilikifunga kiasi hicho na mshahara wa kima cha chini wa nchi. Mgeni aonyeshe sehemu moja ya kumi ya mshahara wa mwezi kwa kila siku atakayokaa, na kwa vyovyote vile, hata kama atakaa siku mbili tu, fedha zake zisipungue sehemu tisa za kumi za mshahara huo. Mwaka 2008 kima cha chini cha Uhispania kilikuwa euro 600. Kwa hiyo mgeni alitakiwa awe na euro 60 kwa siku, na jumla isiyopungua euro 540. Mtu wa siku tano, ambaye kwa kipimo cha Ureno angetosheka na euro 275, kwa kipimo cha Uhispania alikuwa fukara.

Hesabu hii yafaa kutazamwa kwa utulivu. Mfanyakazi wa Kihispania alipwaye kima cha chini, lau angekuwa mgeni katika nchi yake mwenyewe na kutaka kukaa siku thelathini, angetakiwa kuonyesha euro 1,800, yaani mishahara ya miezi mitatu mizima. Nchi hiyo, kwa sheria yake, ilimtarajia raia wake aishi mwezi mzima kwa fedha ambazo mgeni angeruhusiwa kukaa nazo siku kumi. Na kila mara wafanyakazi wa Uhispania walipoongezewa mshahara, mgeni aliyekuwa ng'ambo ya bahari aliongezewa mzigo, ingawa yeye hakuongezewa kitu.

Amri hiyo ilieleza pia namna ya kuonyesha. Fedha taslimu zilikubaliwa, hundi za wasafiri zilikubaliwa, na kadi ya benki ilikubaliwa iwapo imefuatana na taarifa ya akaunti au kitabu cha benki kilichoandikwa hadi siku za karibuni. Barua ya meneja wa benki haikukubaliwa. Taarifa iliyochapwa kutoka katika intaneti nayo haikukubaliwa. Aliyefikia nyumbani kwa ndugu au rafiki alitakiwa kuwa na barua ya mwaliko, na barua hiyo haikuwa ya kuandikwa mezani kwa mwenyeji. Mwenyeji mwenyewe alikwenda kuiomba kituo cha polisi.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Wabrazili hawakuhitaji viza kwa matembezi ya muda usiozidi miezi mitatu katika nchi hizo za Ulaya. Jambo hili ndilo kiini cha habari yote. Palipo na viza, mchujo hufanywa na ubalozi, majuma kadhaa kabla ya safari, kwa nafasi na kwa karatasi. Pasipo viza, mchujo wote humwangukia ofisa wa uwanja wa ndege, naye ana dakika chache tu, na nyuma ya huyo aliye mbele yake pana abiria mia mbili wengine. Tena, kwa kuwa nchi za Schengen hazina mipaka baina yao, Mbrazili aendaye Lisbon kwa kupitia Madrid hukaguliwa Madrid. Hivyo msafiri anayekwenda kwa watu wanaosema lugha yake ya Kireno alihukumiwa na ofisa wa Kihispania katika uwanja wa Barajas.

Mapema mwaka 2008 wanafunzi wa vyuo vikuu wa Kibrazili waliokuwa wakienda Lisbon kwenye mkutano wa kitaaluma walizuiwa hapo Barajas na kurudishwa kwao. Habari hiyo iliwaudhi sana Wabrazili, maana hao hawakuwa watu wa kudhaniwa kwamba wangepotelea mitaani wakitafuta kazi za kibarua. Serikali ya Brazili ililalamika kwa njia ya kibalozi, na Machi mwaka huo polisi wake katika uwanja wa Salvador, jimbo la Bahia, wakawazuia Wahispania kadhaa na kuwarudisha walikotoka. Mazungumzo yakafuata, ahadi zikatolewa, mambo yakatulia kidogo. Kuzuiwa Barajas hakukukoma.

Tarehe 2 Aprili 2012 Brazili ilichukua hatua ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo funzo kubwa la kisa hiki kwa watu wa kazi yenu. Haikutukana wala haikufunga ubalozi. Iliichukua sheria ya Uhispania na kuisoma kwa sauti mbele ya Wahispania. Tangu siku hiyo kila Mhispania aliyetaka kuingia Brazili alitakiwa awe na tiketi ya kurudi, uthibitisho wa hoteli au barua ya mwenyeji iliyotiwa muhuri wa mthibitishaji, na fedha zisizopungua reali 170 kwa siku. Kiasi hicho kilikaribia euro 70. Uhispania kwa wakati huo ilikuwa ikidai euro 64 na senti 14.

Wengi walishangilia. Sisi twaongeza jambo moja ambalo washangiliaji hawakulitaja. Kima cha chini cha mshahara nchini Brazili mwaka huo kilikuwa reali 622 kwa mwezi. Mgeni wa siku thelathini alitakiwa kuonyesha reali 5,100, na mfanyakazi wa kima cha chini wa Brazili asingezipata hizo hata angeweka mishahara yake yote ya miezi minane. Kama sheria ya Uhispania ilikuwa kali, hii ilikuwa kali zaidi. Walioumia kwayo walikuwa Wahispania wa kawaida, ambao hawakupata kumzuia Mbrazili yeyote mahali popote.

Pamoja na hayo, ilifanya kazi. Hali ilikuwa imegeuka tangu mwaka 2008. Uhispania ilikuwa katika dhiki ya uchumi, ambapo karibu mtu mmoja katika kila wanne wenye kutafuta kazi hakuwa nayo, na wahandisi wake vijana walikuwa wakiitazama Brazili kama mahali pa kupata riziki, kwa sababu ya ujenzi uliokuwa ukifanywa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2014. Mwezi Juni 2012, Mfalme Juan Carlos alipozuru Brasília na kukutana na Rais Dilma Rousseff, serikali mbili zilitangaza maelewano ya kulegeza masharti ya pande zote. Miezi miwili ilitosha kuleta kile ambacho malalamiko ya miaka minne hayakukileta. Si kwamba Wabrazili walikuwa wametajirika mifukoni kuliko zamani. Nchi yao ilikuwa imepata uzito.

Hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo na askari wetu. Fedha iliyoonyeshwa mpakani huthibitisha nini hasa? Haithibitishi nia, kwa maana mtu mwenye nia ya kubaki na kufanya kazi ndiye hasa atakayekopa kwa ndugu na jamaa ili aonyeshe kiasi kamili, kisha azirudishe. Haithibitishi mwenendo mwema, kwa maana mlanguzi wa dawa za kulevya hakosi fedha. Wala haithibitishi kwamba mwenyewe hataishiwa. Inathibitisha tu kwamba saa ile, mezani pale, fedha zilikuwapo. Yote mengine ni hukumu ya ofisa, nayo sheria imemwachia. Wasafiri wawili wenye euro 400 kila mmoja waweza kufika kwa ndege moja. Mmoja akapita kwa tabasamu bila kuulizwa kitu, mwingine akaketishwa chumbani mpaka ndege ya kurudi. Kiasi kilichoandikwa katika amri ni kile kile. Kilichotofautiana ni pasi, au sura, au mavazi.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba tarakimu huondoa upendeleo. Mara nyingi huufunika. Ofisa aliyekwisha kuamua kumzuia mtu hupata katika tarakimu sababu iliyo tayari, isiyobishika. Na aliyekwisha kuamua kumpitisha hana haja ya kuitazama.

Liko jambo jingine ambalo askari wa mpaka huyajua kuliko sisi tuandikao. Sheria inayomtaka mgeni atoe fedha taslimu na kuzionyesha huzileta fedha hizo hatua moja kutoka mkononi mwa mwenye muhuri. Mgeni ni mchovu, hajui lugha, haijui amri, na anajua tu kwamba fedha zinatakiwa. Si kila mmoja atambuaye tofauti ya kuonyesha na kutoa. Ndiyo sababu kiasi chapaswa kubandikwa ukutani kwa lugha ambazo wageni husoma, na fedha zihesabiwe na mwenyewe, mahali pa wazi, pasiwe na mkono mwingine juu yake. Ikumbukwe kwamba ziko nchi ambazo zilichukua kweli. Ujerumani Mashariki, kuanzia Oktoba 1980, ilimlazimisha mgeni mtu mzima kutoka Magharibi kubadili marki 25 kwa siku, moja kwa moja, ingawa marki ya Mashariki haikuwa na thamani sawa na hiyo. Utaratibu huo uliokoma mwaka 1989 ulikuwa ada ya kuingia, na kila mtu aliujua hivyo. Fedha ya kuonyesha haina uwazi huo.

Katika sheria ya Ulaya tumeona pia jambo la kuigwa. Anayezuiwa hupewa fomu, na katika fomu hiyo sababu huwekwa alama kwa herufi. Herufi G ni ya asiye na fedha za kutosha. Fomu hutiwa saini, na msafiri ana haki ya kukata rufani, ijapokuwa rufani haimzuii kurudishwa kwanza. Ofisa anayejua kwamba lazima aandike sababu na kutia saini hufikiri mara mbili. Shirika la ndege lililomleta abiria nalo hubeba wajibu wa kumwondoa, ndiyo maana siku hizi maswali ya fedha huanza kwenye dawati la shirika hilo, katika nchi anayotoka msafiri, kabla hajaona mpaka wowote. Ndivyo ilivyokuwa kwa waendao Dubai mwaka 2024, ambapo wenye viza za matembezi walikumbushwa wawe na dirham 3,000, taslimu au katika kadi, pamoja na tiketi ya kurudi na mahali pa kulala. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki waendao huko kununua bidhaa wanaijua safari hiyo.

Nchi kubwa zaidi imekwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 20 Agosti 2025 Marekani ilianza kuwadai raia wa Malawi na Zambia waombao viza za matembezi au biashara dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000, ya kurudishwa iwapo mgeni ataondoka kwa wakati. Hizi si fedha za kuonyesha. Ni za kuweka. Mwezi Oktoba mwaka huo nchi nyingine ziliongezwa, Tanzania ikiwamo. Mali, ambayo nayo ilitajwa, ilijibu kama Brazili ilivyojibu: ikatangaza kwamba Wamarekani nao watadaiwa dhamana kama hiyo. Baada ya siku chache jina la Mali likaondolewa katika orodha.

Uhispania haikuifuta kanuni yake ya sehemu moja ya kumi. Mwaka 2025 kima cha chini kilipofika euro 1,184, mgeni alitakiwa kuonyesha euro 118 na senti 40 kwa siku, na jumla isiyopungua euro 1,065 na senti 60. Na tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuandikisha uso na alama za vidole za mgeni katika mitambo inayounganisha vituo vyote vya mpaka. Anayekataliwa huandikwa humo pamoja na sababu yake, na kumbukumbu hiyo hukaa miaka mitatu. Mtu aliyekosa euro mia moja mbele ya ofisa mmoja wa Madrid ataikuta herufi yake ikimngoja Paris, Roma na Lisbon.