Pesa za Matumizi Zina Daftari?

Mlezi wa Zombe, Kitui, anayeuza mbuzi au gunia la ndengu ili mtoto arudi bwenini ana kila sababu ya kuuliza pesa za matumizi zimekwendaje. Ruzuku ya serikali, iliyopangwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari, hailipii bweni. Chakula na pesa za mfukoni hutoka nyumbani. Tangu M-Pesa ianze 2007, kutuma ni rahisi. Kufuatilia ndiko kugumu, kwa kuwa mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni na pesa mara nyingi hupitia kwa mwalimu au mhasibu wa shule. Daftari la kuweka na kutoa, ambalo mlezi atalikagua siku ya wazazi, lingetosha.

Wapo watakaosema huku ni kumpeleleza kijana. Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha yake, naam, ila inamwachia mzazi au mlezi haki ya kumsimamia kwa kadiri. Kadiri, tunasisitiza: kuuliza mia tano imeishaje kwa wiki moja ni halali, kudai hesabu ya kila andazi ni kumfundisha kudanganya. Daftari lenyewe aliandike mwanafunzi, mwalimu atie sahihi tu.