Kazi Busia, Nyumba Wapi? Neno kwa Familia za Mpakani



Kila mwaka unapokaribia kwisha swali hili hurudi. Baba amepata kazi Busia ya Kenya. Je, familia ipange nyumba upande huo huo, au ivuke ikakae Busia ya Uganda ambako kodi na chakula vinasemwa kuwa nafuu? Wengine wanataka kwenda mbali zaidi, wakae Tororo mjini penye utulivu, na baba awe anavuka Malaba kila asubuhi. Na wako wenye hali ya kinyume, duka lao liko Uganda na mama anafundisha shule Kenya.

Majibu tunayoyasikia baada ya swala, pale nje tunapovaa viatu, karibu yote ni ya kodi. Fulani analipa kiasi hiki, fulani amepata vyumba viwili na choo cha ndani kwa bei ya chumba kimoja cha ng'ambo. Hatusemi kodi ni jambo dogo. Mwenye mshahara mdogo anajua uzito wake. Lakini kabla ya kuuliza bei, familia ijiulize: ni nani katika nyumba hii atakayevuka mpaka kila siku? Maoni yetu ni kwamba avuke mtu mzima, na mtoto asivuke. Nyumba iwe upande ilipo shule, na mwenye kazi ndiye abebe safari.

Tunajua wengi watacheka. Mpaka gani huo? Busia ni mji mmoja wenye majina mawili ya nchi. Mtu anaamka Uganda, anakunywa chai Kenya, anarudi Uganda kuoga. Neno boda boda lenyewe, ambalo leo linasemwa Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa hapa kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka geti moja hadi jingine. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso vile vile. Na tukirudi nyuma kabisa, hadi 1902 nchi hii yote, mpaka Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda, kisha Waingereza wakausogeza mstari magharibi kwa ajili ya mambo yao ya utawala. Hakuna babu aliyeulizwa.

Na ni kweli kwamba kwa mtu mzima mambo yamekuwa mepesi. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Tangu Februari 2018, Rais Kenyatta na Rais Museveni walipofungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia, maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja, na msafiri anamaliza shughuli zake upande anaoingia. Kwa baba mwenye kitambulisho mfukoni huo ni wepesi wa kushukuru.

Sasa mtazame mtoto wa darasa la tatu. Yeye hana kitambulisho cha taifa mfukoni. Anapita kwa kuwa amevaa sare, anajulikana, na yuko na wenzake. Siku ofisa anayemjua akihamishwa, au kukiwa na msako, mtoto huyo anabaki amesimama na begi lake mbele ya watu wazima wenye silaha. Au dereva wa boda anaamua kumpitisha njia ya panya ili asichelewe kengele. Wazazi wengi hawajui kwamba watoto wao hupitishwa huko! Huwa wanajua tu kwamba mtoto alifika.

Kisha kuna siku ambazo mpaka unakumbuka kwamba ni mpaka. Disemba 1987 askari wa nchi hizi mbili walipigana hapa hapa Busia na mpaka ukafungwa. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, maelfu ya watu walikimbilia Uganda kupitia Busia na Malaba, na wengine wakapokelewa kambini Mulanda, wilaya ya Tororo. Machi 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria, malori ya mizigo tu yakaruhusiwa. Januari 2022 madereva wa malori waligoma kwa sababu ya ada ya kupimwa korona, na foleni upande wa Kenya ikafika makumi ya kilomita. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Mtoto anayeanza shule leo atakaa masomoni miaka kumi na miwili au zaidi. Ni nani atamhakikishia kwamba katika miaka hiyo yote geti halitafungwa hata mara moja?

Mtu mzima akifungiwa ng'ambo atalala kwa rafiki, atapiga simu, atasubiri. Mtoto wa miaka tisa hana uwezo huo.

Tukae kidogo juu ya mwaka 2020, kwani una funzo ambalo wengi wameanza kulisahau. Shule za nchi zote mbili zilifungwa mwezi wa Machi. Kenya ilirudisha madarasa yote Januari 2021. Uganda ilirudisha baadhi ya madarasa, ikafunga tena Juni 2021, na haikufungua shule zote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko huo. Kwa hiyo katika mji huu mmoja, umbali wa kutupa jiwe, mtoto wa upande wa mashariki alikuwa darasani na wa magharibi yuko nyumbani. Familia iliyolala upande mmoja na kusoma upande mwingine ilibeba maamuzi ya serikali mbili kwa pamoja: hii imefunga njia, ile imefunga darasa. Iliyoweka nyumba na shule mahali pamoja ilibeba uamuzi mmoja tu. Hata huo ulikuwa mzito, lakini ulikuwa mmoja.

Ndiyo maana tunasema chagueni shule kwanza, kisha nyumba ifuate. Na shule ichaguliwe kwa kuangalia mtoto atamalizia wapi, si ataanzia wapi. Njia za nchi hizi mbili zimezidi kuachana. Uganda mtoto anasoma miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, kisha miwili. Kenya imeacha mfumo wa zamani wa 8-4-4, mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, na sasa ni miaka sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini, mitatu ya sekondari ya juu. Mtoto anayehamishwa katikati hupoteza mwaka, au hurushwa mbele kabla hajawa tayari. Na Kiswahili je? Kenya ni somo la lazima, lina mtihani wake. Uganda baraza la mawaziri lilipitisha Julai 2022 kwamba kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima, lakini kati ya kupitisha na mwalimu kusimama darasani kuna safari ndefu. Mtoto aliyesoma Uganda hadi darasa la sita, akirudishwa Kenya, anaweza kuongea Kiswahili cha sokoni vizuri sana na bado ashindwe na insha.

Ukiwa na watoto wawili, tafadhali usimweke mmoja huku na mmoja kule. Muhula wa kwanza wa Kenya kwa kawaida huanza Januari na wa Uganda Februari, na likizo nazo hupishana. Mama ndiye atakayelipa gharama ya hilo, na hakuna atakayemuuliza.

Kuna na jambo la jioni, ambalo kwetu sisi ni kubwa. Mtoto anayevuka anafika nyumbani amechoka, na madrasa ya baada ya Alasiri ndiyo ya kwanza kukatwa. Kwanza siku moja kwa wiki, kisha mbili, kisha tunasikia "atasoma likizo". Pande zote mbili za Busia kuna misikiti na kuna walimu, alhamdulillahi, hivyo hakuna haja ya kumtembeza mtoto. Hata habari ya mwezi, tangazo la Kadhi Mkuu wa Kenya na lile la Mufti wa Uganda likipishana, nyumba yenye shule na msikiti upande mmoja haina mabishano. Inafuata majirani zake, inakula sikukuu pamoja nao.

Wako watakaotuambia kwamba tunasema haya kwa kuwa kodi ya Kenya haitutishi. Tunaijibu hoja hii kwa heshima kwa sababu ni ya kweli kwa wengi. Lakini fanyeni hesabu kamili. Wekeni tofauti ya kodi upande mmoja, na upande wa pili boda ya watoto wawili kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki, pamoja na fedha inayopotea kila mnapobadilisha shilingi hii kuwa ile. Kuna familia zitakazoona bado wanapata faida, nyingi zitaona faida imeliwa barabarani. Na chakula? Chakula chenyewe kinavuka! Unga, maharage na mayai ya Uganda huuzwa Busia ya Kenya kila siku, na mama akitaka bei ya chini zaidi atavuka na kikapu chake siku ya soko kisha arudi. Hakuna haja ya kuhamia yanakotoka mayai.

Tororo tunaipenda, na tusieleweke vibaya. Ni mji mtulivu chini ya ule mwamba wake, una hewa nzuri, na uko kwenye njia ya kwenda Mbale, ambako tangu 1988 kipo Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda. Kwa mwenye kazi Uganda, au anayesafiri mara moja kwa wiki, hatuna neno. Lakini baba wa kazi ya kila siku Kenya akikaa Tororo ataishi barabarani. Kutoka Tororo hadi Malaba hakufiki kilomita 20, kwenye ramani ni karibu. Ramani haionyeshi malori. Siku foleni ikiwa ndefu, njia ya kufika kazini kwa wakati ni boda inayopenya katikati ya matrela, na hapo tunazungumza habari ya maisha ya mtu. Ataondoka watoto wamelala na kurudi wamelala, na familia itakuwa imepata nyumba nzuri isiyo na baba ndani yake isipokuwa Jumapili.

Wanafunzi wetu wa vyuo, ninyi hali yenu ni nyepesi. Ukisoma Busitema au Mbale, panga Uganda. Ukisoma Alupe, panga Kenya. Usiishi kwa shangazi ng'ambo ili kuokoa kodi, kisha mtihani wa saa mbili asubuhi ukukute kwenye foleni ya mpakani. Shangazi mtembelee wikendi.

Mwenye nia ya kujenga aangalie sheria kabla ya kununua matofali. Katika nchi zote mbili asiye raia hamiliki ardhi moja kwa moja, anapata ya kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Mauziano ya maneno na mashahidi wawili hayatawasaidia watoto wako siku ya mirathi. Kenya kuna mahakama za Kadhi zilizotajwa katika katiba ya 2010 kwa ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, lakini Kadhi wa Kenya hana mkono juu ya kiwanja kilichoko Uganda.

Na kabla ya kulipa kodi ya kwanza, baba aitembee njia yake mwenyewe Jumatatu asubuhi, ikiwezekana siku ya mvua, kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa kazi. Aangalie saa. Kisha aitembee ya mtoto.

Aliyekwisha kujenga Uganda na kazi yake iko Kenya asiuze nyumba kwa sababu ya maneno yetu. Abaki alipo, aendelee kuvuka yeye, na watoto wahamie shule iliyo karibu na nyumba. Muhula wa Uganda ukianza Februari, Disemba na Januari kuna nafasi ya kutosha ya kwenda kuongea na mwalimu mkuu, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiwe mkononi.

Wabillahi tawfiq.