Siku moja Baraka

Juma lililopita ukurasa huu haukutoka, na wengi mlituuliza sababu. Tulikuwa bado tunajikung'uta vumbi la njia. Tulikwenda Baraka.

Hapa Lulimba tunakula ndagala tangu utoto, lakini wengi wetu ziwa lenyewe hatujawahi kuliona. Darasani tunafundisha kwamba Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, mita 1,470, na kwamba linagusa nchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Watoto wanakariri vizuri sana. Siku moja mtoto wa darasa la tano akauliza, "Mwalimu, na mama yangu amefika kule?" Tukakosa jibu. Swali hilo ndilo lilianzisha likelemba ya safari: wamama 23, franga 2,000 kila juma, miezi saba.

Maneno hayakukosa. Baba mmoja alisema mama mzima hawezi kupanda gari kwenda kutazama maji. Mwingine alikubali, ila gunia la ndagala lirudi pamoja na bibi yake. Ndipo kwenye kikao tuliwasomea habari ya wafumaji wa pamba wa Uingereza, upande wa Lancashire, miaka ya 1800. Walikuwa watu wa mshahara mdogo, na wanawake wengi sana kati yao. Kila juma waliweka sarafu kidogo kwenye sanduku la pamoja. Kiwanda kilipofungwa kwa juma moja, karibu mji mzima ulipanda treni kwenda Blackpool, pwani, ambako reli ilifika mwaka 1846. Mwaka 1871 sheria iliongeza siku za kufunga kazi, na safari za kwenda na kurudi siku moja zikazidi. Walikwenda kukaa tu, kula samaki, kupandisha sketi na kutia miguu majini. Mama mmoja akapiga makofi: "Kumbe wazungu nao walikuwa na likelemba!" Mjadala uliishia pale.

Tulitoka saa tisa za usiku ndani ya Fuso, watoto 18 katikati, wamama pembeni. Lubondja tulipita giza. Vizuizi vya njiani tulilipa, hatutasema zaidi. Baada ya Fizi barabara inaanza kushuka, na kwenye kona moja maji yakatokea yote kwa mara moja. Gari zima lilinyamaza. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini mbingu iko chini.

Kwa watakaokwenda: maji ya ziwa yanaonekana safi mpaka unaona mchanga chini, lakini msiyanywe. Baraka na vijiji vya kando ya ziwa vinajua kipindupindu miaka mingi. Sisi tulibeba bidoni za maji yenye dawa kutoka nyumbani, na sabuni. Pia waulizeni wenyeji mahali pa kuogea. Walituambia tukae mbali na mdomo wa mto Mutambala kwa sababu ya mamba, tukatii.

Ng'ambo tuliona milima ya Ubwari. Mitumbwi ilikuwa imelala ufukweni na wavuvi pia wamelala, maana ndagala wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukijaa, mvuvi anapumzika, kwa sababu samaki hawafuati taa tena. Hiyo nasi hatukuijua, na ndiyo inaeleza kwa nini bei sokoni kwetu inapanda na kushuka kila mwezi. Tulikula bugali na mikeke ya kukaanga. Sombe tuliyotoka nayo ilikuwa imechacha, kosa letu, tuliifunika ikiwa bado moto.

Sasa tuseme juu ya mama mmoja, kwa ruhusa yake. Mwaka 1996, vita ilipofika Fizi, alivuka ziwa hili usiku kwa mtumbwi kwenda Tanzania. Walipanda yeye na watoto watatu. Walishuka na wawili. Aliishi kambi ya Nyarugusu, akarudi kwa boti ya HCR wakati warudishwaji walianza kushushwa hapa Baraka kutoka Kigoma, tangu 2005. Toka siku ile hakukanyaga ufuko tena. Alilipa likelemba kama sisi wote, akapanda gari, na tulipofika akatandika kitenge chini ya mwembe, mgongo kwa ziwa. Tulimwita. Hakuja. Tukakosea, tukamwita tena kwa kucheka.

Kazi aliyojipa ni kuhesabu watoto. Kila mara aligeuka, akahesabu kwa sauti mpaka 18, akageuka tena. Sisi tulikuwa majini mpaka magoti, tunarushiana maji kama wasichana. Saa nane hivi tukamsikia: "Kumi na saba!" Kisha tena, kwa sauti ambayo hatutaisahau. Alikuwa wa kwanza kuingia majini, na nguo zake zote, mpaka kiunoni, anapapasa chini kwa mikono.

Mtoto alipatikana nyuma ya mitumbwi, kwa wamama wanaoanika ndagala mchangani. Walikuwa wamempa kazi ya kufukuza ndege na alikuwa ameshiba. Hakuna aliyempiga. Mama yule alimshika mkono, akakaa naye palepale, maji yakigusa miguu yao, mpaka dereva alipopiga honi. Hatukuuliza kitu na yeye hakusema kitu.

Tulikuwa tumepatana kwamba siku ile hakuna biashara. Wakati wa kupanda gari, magunia saba ya ndagala yalitoka chini ya vitenge. Moja lilikuwa letu.

Tulifika Lulimba saa tano usiku, watoto wamelala juu ya magunia. Likelemba ya mwaka ujao imefunguliwa Jumatano. Jina la kwanza kwenye daftari ni la mama wa chini ya mwembe, na pembeni ameomba iandikwe: kila mtoto afungwe kitambaa chekundu mkononi, na wamama wawili wabaki nje ya maji kwa zamu.