Mchicha si Spinachi

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili katika nchi zetu hizi jirani huambiwa mapema kwamba mchicha ni spinachi. Kamusi nyingi za lugha mbili zinasema hivyo, nasi tunakariri. Nadai kwamba tafsiri hii ni potofu, na kwamba upotofu wake si mdogo.

Tuanze na mimea yenyewe. Mchicha ni wa jenasi ya Amaranthus. Spinachi ni Spinacia oleracea, mmea unaopenda baridi ambao wengi wetu hatujawahi kuupanda. Kibaya zaidi, mboga yenye majani mapana na vikonyo vinene inayouzwa masokoni Nairobi kwa jina la spinachi mara nyingi si spinachi pia. Ni Beta vulgaris, spishi moja na bitiruti. Jina moja la kigeni limebebeshwa mimea mitatu. Anayenunua mbegu kwa kufuata kamusi atavuna asichokitarajia.

Wakati huohuo mchicha tunao nyumbani. Uganda na Rwanda tunauita dodo. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo ni lengalenga. Ni kweli kwamba Mganda akiomba dodo sokoni Dar es Salaam ataletewa embe, kwa kuwa huko dodo ni aina ya embe kubwa. Watu watacheka, lakini wa kulaumiwa si yeye. Ni darasa lililompitisha kwenye Kiingereza ili afike kwenye mboga iliyo nyuma ya jiko la bibi yake. Tunajifunza lugha ya jirani kwa msaada wa lugha ya mbali, na wahenga walishasema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wapo watakaosema mboga ni mboga, tusikuze mambo. Basi tutoke bustani ya mboga twende kwenye mti wa uani. Jina mwarobaini hupewa Azadirachta indica, mti unaosifiwa kutibu maradhi arobaini. Lakini wengi humwita hivyohivyo binamu yake, Melia azedarach, ambaye matunda yake ni sumu kwa watu na mifugo. Ukiitazama vizuri, miti hii hutofautiana: wa kwanza una maua meupe, wa pili una maua ya zambarau hafifu, na jani lake limegawanyika mara mbili. Kamusi inayosema tu kwamba mwarobaini ni mti mchungu wa dawa haimsaidii mama anayechuma majani ya kuchemsha.

Wengine hupendekeza dawa rahisi: lichaguliwe jina moja sanifu, mengine yafutwe. Siafiki. Lengalenga si Kiswahili kibovu. Ni neno la watu wanaolima, wanaopika na wanaokula mboga hiyo kila siku. Kulifuta hakuondoi mkanganyiko, kunawaondoa wasemaji. Wingi wa majina haujawahi kuwa tatizo. Tatizo ni majina yasiyofungwa kwenye mmea unaojulikana.

Kamba ya kuyafunga ipo tangu mwaka 1753, Linnaeus alipotumia majina ya maneno mawili kwa mimea yote aliyoiorodhesha. Hakuna atakayemwambia muuza mboga, "Nipe Amaranthus." Lakini kamusi haiuzi mboga. Kazi yake ni kutambulisha. Nataka kila kidahizo cha mmea kiwe na jina la kisayansi, mchoro, na majina ya mahali mbalimbali.

Wenzangu tunaotafuta mada za tasnifu, kazi hii inatusubiri, na sisi wa mipakani tunaiweza kuliko wengine kwa sababu majina yote mawili tunayajua. Nanyi walimu wetu, mkikuta lengalenga katika insha, kabla ya kuipigia mstari mwekundu, muulizeni mwandishi ni mmea gani. Akiutaja sawasawa, mpeni alama yake.