Mawe Yetu Yana Umri

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii yatuhusu sana sisi wanafunzi wa Eldoret. Tukiulizwa habari za volkano tunataja Hawaii na Vesuvius mbio mbio, ilhali kila asubuhi twakanyaga lava tukienda shule.

Jina la mji wetu, yasemekana, latokana na neno la Kimaasai "eldore", yaani mto wenye mawe. Ndio Sosiani huo! Mawe yake ya kijivu, yale yanayovunjwa kuwa kokoto, huitwa fonolaiti. Gonga kipande chembamba kwa nyundo, utasikia kinalia kama kengele.

Hapa Elgon View wengi husema, "Haya yalitapikwa na Mlima Elgon, si tunauona pale?" Mimi nakataa, na sababu ninazo.

Kwanza ni umri. Ndani ya jiwe mna potasiamu, na sehemu yake ndogo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Lava ikiwa uji wa moto gesi hutoroka. Ikiganda, gesi hunaswa. Wataalamu huipima kama mtu asomavyo saa. Fonolaiti yetu ina miaka kama milioni 12 hadi 14, na Elgon ulianza kulipuka mapema zaidi.

Lakini umri pekee hautoshi, kwani Elgon ulilipuka kwa muda mrefu. Kwa hivyo tazama kemikali: lava nyingi za Elgon ni nefelinaiti, yenye silika kidogo kuliko fonolaiti. Halafu nenda Iten. Fonolaiti imekaa juu ya ukingo wa Elgeyo, na ng'ambo ya Kerio, kwenye vilima vya Tugen, ipo ya enzi hiyo hiyo. Maana yake lava ilitiririka kutoka mashariki, kabla ardhi haijakatika na bonde kushuka vile tunavyoliona leo.

Je, haya yatatujaza tumbo? Ndugu msomaji, wengi wetu tuliiacha Jiografia tulipoingia kidato cha tatu, eti ni mambo ya mbali. Kumbe ya mbali ni vitabu tu! Na timbo likishafukiwa na kujengwa ploti, ushahidi umezikwa.

Maoni yangu ni haya: kila mmoja wetu alete jiwe kutoka timbo la karibu na kwao, aandike lilikotoka, liwekwe kabatini maabara. Na ziara ya mwaka huu iwe Iten, si Mombasa. Nauli yake hata sisi wa kutwa tutaimudu.