KONA YA MWALIMU: Feni ya laptopu hainunuliwi kwa jina tu

Mwezi huu naleta swali la mama mmoja wa hapa kambini. Laptopu anayosomea kijana wake inapiga kelele kama mashine ya kusaga, inachemka, halafu baada ya dakika chache inajizima. Fundi kasema feni imekufa. Shemeji aliyeko ng'ambo ameahidi kutuma hela ya feni, lakini mara moja tu. Mama anauliza: tuagize ipi?

Swali zuri, maana sisi kutoka kambini ni mpaka kibali. Kipuri kikija sicho, kukirudisha mjini ni hela nyingine na wiki nyingine, na mitihani haimsubiri mtu.

Kwanza hakikisheni feni imekufa kweli. Vumbi letu la kiangazi mnalijua. Mara nyingi feni ni nzima ila matundu ya hewa yameziba. Zima laptopu, chomoa chaji, fungua, tenganisha betri, kisha safisha kwa brashi laini huku umeshika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Rudishia, washa. Hewa ya moto ikitoka vizuri, hela imepona. Kama feni haizunguki, au inakwaruza na kuyumba, basi ni kununua.

Wengi wanaagiza kwa jina tu: "niletee feni ya HP", "niletee ya Dell". Ni sawa na kuagiza viatu bila kutaja namba. Angalieni haya:

1. Modeli kamili. Imeandikwa chini ya laptopu. Andikeni herufi na namba zote.

2. Namba ya feni yenyewe. Iko kwenye stika yake. Hii ndiyo muhimu zaidi, maana laptopu za modeli moja zinaweza kuwa na feni tofauti: nyingine zina kadi ya picha ya peke yake, nyingine hazina.

3. Nyaya na plagi. Hesabuni nyaya, mara nyingi ni 3 au 4. Kwenye zenye 4, waya wa nne ndio kompyuta inautumia kupanga mwendo wa feni. Idadi ilingane, plagi ifanane, na mpangilio wa nyaya uwe uleule.

4. Umeme. Feni nyingi za laptopu ni volti 5, ila zipo za volti 12. Volti lazima zilingane na za zamani.

5. Umbo. Matundu ya skrubu, unene, na upande wa kutolea hewa. Laptopu yenye feni mbili, ya kushoto siyo ya kulia.

Njia rahisi: pigeni picha feni ya zamani pande zote mbili, stika isomeke, mtumieni huyo anayenunua. Na msiitupe mpaka mpya imezunguka. Kama mnapewa iliyotumika, mnunuzi aizungushe kwa kidole. Ikikwaruza, aiache.

Jambo moja watu wanasahau. Laptopu nyingi, ili utoe feni lazima unyanyue bomba la shaba lililokaa juu ya prosesa. Ukilinyanyua, ile grisi ya kupitisha joto inabidi isafishwe yote na kupakwa mpya, kidogo tu. Muulizeni fundi kama anayo kabla hajafungua, la sivyo mashine itachemka hata na feni mpya.

Mama, huku mkisubiri, kijana asiilazimishe kuwaka ili amalize kazi. Joto likiunguza ubao mkuu, hela ya feni haitatosha tena. Kama inawaka dakika chache, azitumie kuhamisha masomo yake kwenye flashi, kisha aizime. Mengine aendelee kuandika kwenye daftari.

Wenye maswali, nileteeni shuleni baada ya vipindi. Tuonane mwezi ujao.

Mwalimu wenu wa kujitolea