Shule za Kisiwa cha Mombasa Zilinde Data kwa Pamoja

Tangu nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika nchi kavu mjini Mombasa na kuanza kazi mwaka 2009, intaneti imeingia katika ofisi za walimu wakuu, katika simu za wazazi na katika mifumo ya Wizara ya Elimu inayohifadhi majina ya wanafunzi na namba za vyeti vyao vya kuzaliwa. Ulinzi wa taarifa hizo, hata hivyo, huachiwa kila shule peke yake, na ndani ya shule mara nyingi humwangukia mwalimu wa kompyuta, ambaye tayari ana vipindi vyake vya kufundisha.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka data binafsi ya mtoto, yaani taarifa yoyote inayoweza kumtambulisha, isitumiwe bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo. Inafaa kuzingatiwa kwamba kosa hilo halikuhitaji mdukuzi, kwani mlango ulifunguliwa na wenye nyumba.

Hatari kubwa zaidi ni hadaa ya mtandaoni, yaani ujumbe wa uongo unaojifanya kutoka kwa mtu au taasisi inayoaminika ili mpokeaji atoe nywila au atume fedha. Ujumbe unaodai kwamba namba ya kulipia karo imebadilika unaweza kutumwa kwa wazazi wa shule moja leo na wa shule jirani kesho bila kubadilishwa neno, na kinachoufanikisha ni ukimya wa walioupokea kwanza. Mwizi akiingia nyumba ya mtaa wa Kibokoni usiku, habari zimeshafika kwenye mabaraza ya mtaa wa Kuze kabla ya adhuhuri. Lakini mwalimu aliyelaghaiwa kwa simu huona haya, naye mwalimu mkuu huhofia jina la shule, na hivyo tapeli huendelea na kazi yake mtaa wa pili.

Kwa hiyo walimu wa Kisiwa, kuanzia Mji wa Kale hadi Tudor, wanaombwa waunde kamati moja ya usalama wa mtandao, itakayozihusisha shule kama Allidina Visram, Coast Girls na Serani pamoja na madrasa na shule za binafsi, na kazi yake ya kwanza iwe kupashana habari za kila jaribio la ulaghai siku hiyo hiyo, bila kumtaja aliyedhurika. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor, kiombwe kuwapa walimu mafunzo ya uthibitishaji wa hatua mbili, ambao hudai uthibitisho wa pili baada ya nywila, na ya kuweka nakala rudufu za kumbukumbu mahali pengine. Nywila moja inayotumiwa na ofisi nzima iachwe mara moja. Kwa hilo hakuna haja ya kusubiri kikao wala bajeti.

Walimu wakuu na wakutane kabla muhula ujao haujafunguliwa, na wazazi wasilipe karo kwa namba mpya yoyote mpaka waithibitishe katika ofisi ya shule.